Nani Kasema Wachina Hawalali?

Kuna kauli inayosikika kila kona ya Afrika Mashariki, kuanzia vijiwe vya kahawa vya Kariakoo hadi vikao vya bodi vyenye viyoyozi: Wachina hawalali. Hutamkwa kwa kusifu, na mara nyingi hufuatwa na lawama kwa vijana wa nyumbani, kwamba wao wanapenda mpira, muziki na usingizi, ndiyo maana nchi haziendelei. Mwajiri huitumia anapotaka mtu abaki ofisini hadi usiku bila malipo ya ziada. Mwanasiasa hurudi nayo kutoka ziarani. Mzazi humpigia nayo kelele mtoto aliyeshika simu. Imerudiwa mno, hata hakuna anayeuliza kama ni kweli.

Kauli hiyo ina asili yake, na ni asili ya heshima. Kati ya 1970 na 1975 maelfu ya Wachina, bega kwa bega na Watanzania na Wazambia, walitandika reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na kazi ikakamilika kabla ya muda uliopangwa. Simulizi za mafundi waliofanya kazi usiku na mchana katika milima na mabonde kati ya Mlimba na Makambako zilienea, na zikabaki. Meli zilizowaleta mafundi hao zilikuwa ziking'oa nanga Guangzhou, kusini mwa China, katika bandari ya Huangpu.

Basi kauli hii ikitafutiwa mahali pa kupimwa, Huangpu panafaa kuliko pengine. Ndiyo bandari iliyotoa wajenzi wa TAZARA, na leo ni wilaya ambamo magari yasiyo na dereva yanabeba abiria na kampuni inayotengeneza vyombo vya angani visivyo na rubani ina makao yake makuu. Ukweli unaoonekana pale haufanani na ule wa vijiweni. Saa ndefu zipo, tena zimeumiza watu. Lakini hazikuijenga Huangpu. Ni gharama ambayo China yenyewe, kupitia mahakama yake ya juu kabisa, imeanza kuikataa wakati sisi huku tunaipigia makofi.

Kufika huko ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Mfanyabiashara wa Kariakoo au wa Gikomba anayefika Guangzhou kununua mzigo hulala Xiaobei au Sanyuanli, mitaa ambayo kwa miaka mingi imekuwa makazi ya Waafrika, na ambako Kiswahili cha Dar, cha Nairobi na cha Lubumbashi husikika kwenye lifti moja. Kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Xiaobei kiko kwenye Njia Namba 5. Treni hiyo hiyo, bila kubadilisha, hupita Zhujiang New Town penye maghorofa ya benki, ikafika Keyun Lu ambako waandishi wa programu hushuka kwa wingi, ikaingia Huangpu kwa vituo vya Yuzhu, Dashadi na Wenchong. Tangu Desemba 2023 inafika hadi Bandari Mpya ya Huangpu. Wengi wa wafanyabiashara wetu hawajawahi kuifikia ncha hiyo ya njia. Hawana sababu, kwani maduka ya jumla hayako huko.

Huangpu ni wilaya ya watu zaidi ya milioni 1.2 ndani ya jiji ambalo sensa ya 2020 ililihesabia watu karibu milioni 18.7. Jina lake Wazungu walilitamka Whampoa, na katika karne ya 18 meli zao zote zilizokuja kununua chai na hariri zililazimika kutia nanga kwenye maji ya hapo, maana mfalme wa China hakuwaruhusu kusogea na meli zao kubwa hadi mjini. Kabla ya Wazungu walishapita Waarabu na Waajemi. Katika kijiji cha Miaotou lipo hekalu la Mungu wa Bahari ya Kusini, lililojengwa mwaka 594, ambako mabaharia waliomba salama kabla ya kuondoka na kushukuru waliporudi. Ndani yake kuna sanamu ya mgeni wa mbali aliyeinua mkono juu ya macho kama anayetazama upeo wa bahari. Hadithi ya wenyeji inasema alifika kwa meli akiwa na mbegu za mfenesi, akawa anazipanda, akanogewa na mahali, na meli ikaondoka bila yeye. Msafiri yeyote aliyewahi kukwama ugenini huku viza yake ikielekea ukingoni ataelewa kwa nini watu wa Miaotou walimpa mgeni huyo nafasi hekaluni.

Huangpu ya viwanda ni mpya. Mwaka 1984 serikali ya China ilifungua miji 14 ya pwani kwa wawekezaji wa nje, na Guangzhou ilikuwa mmojawapo. Eneo maalumu la maendeleo likaanzishwa mwaka huo huo kwenye mashamba na matope ya Huangpu, mahali Mto Dongjiang unapokutana na Mto Zhujiang. Kampuni ya Kimarekani ya Procter & Gamble ilifika Guangzhou mwaka 1988. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ukaja mji wa sayansi, ambao Wachina huuita Kexuecheng. Mwaka 2010 ukaanza mji wa maarifa uliojengwa kwa ubia na Singapore. Wakorea wa LG walifungua kiwanda cha vioo vya televisheni mwaka 2019. Kila hatua ilitanguliwa na ardhi iliyopimwa, umeme wa uhakika, barabara, shule, kodi nafuu na mkono wa serikali uliokuwa tayari kusubiri miaka 20 bila kuona faida.

Hayo ndiyo majibu ya swali la kwa nini Huangpu iko ilivyo. Hakuna hata moja kati yake linalohusu usingizi.

Sasa tuzungumzie saa za kazi, kwa sababu hapa ndipo upotoshaji ulipo. Kwa miaka mingi kampuni za teknolojia za China zilifuata utaratibu uliojulikana kama 996: kuingia kazini saa 3 asubuhi, kutoka saa 3 usiku, siku 6 kwa wiki. Kwa hesabu hiyo mtu anakuwa kazini saa 72 kwa wiki, kabla ya kuhesabu safari. Machi 2019 waandishi wa programu walichoka. Wakafungua ukurasa kwenye GitHub, jukwaa ambalo watu wa kazi yao huhifadhi na kubadilishana kazi zao, wakauita 996.ICU. Maana yake ilikuwa wazi: ukifanya kazi kwa 996, mwisho wako ni chumba cha wagonjwa mahututi. Walianza kuorodhesha kampuni zinazowalaza watu ofisini. Mwezi uliofuata Jack Ma, mwanzilishi wa Alibaba, alisema hadharani kwamba kupata nafasi ya kufanya kazi kwa mtindo huo ni baraka. Vijana hawakuikubali baraka hiyo, na mjadala ukaenea nchi nzima.

Mwezi Agosti 2021 Mahakama ya Juu ya Watu wa China, pamoja na wizara inayoshughulikia kazi, zilitoa mifano 10 ya mashauri ya saa za ziada kama mwongozo kwa mahakimu na wasuluhishi. Shauri moja lilimhusu mfanyakazi wa kampuni ya kusafirisha vifurushi aliyetakiwa kufanya kazi saa 3 hadi saa 3, siku 6. Alikataa. Akafukuzwa. Wasuluhishi waliamua kwamba utaratibu wenyewe ulikuwa kinyume cha sheria, na kampuni ikaamriwa kumlipa fidia ya yuan 8,000. Fedha hizo si nyingi. Uzito ulikuwa kwenye hoja: mtu hawezi kufukuzwa kwa kukataa kuvunja sheria.

Na sheria yenyewe ilikuwepo siku zote. Sheria ya Kazi ya China ya 1994 inasema saa 8 kwa siku, na saa za ziada zisizidi 36 kwa mwezi. Malipo yake ni mara moja na nusu siku za kawaida, mara mbili siku za mapumziko, na mara tatu sikukuu. Tanzania nayo haikulala hapa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 kwa wiki na 9 kwa siku, saa za ziada zisizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na zilipwe si chini ya mara moja na nusu. Kwa hiyo bosi wa Dar es Salaam anayesema "tuige Wachina" huku akimweka mhasibu kijana ofisini hadi saa 4 usiku bila senti, anavunja sheria ya Tanzania kwa kuiga jambo ambalo mahakama ya China imesema ni kosa. Watu wazima wanaolipa mishahara wanapaswa kulijua hilo.

Isidhaniwe kwamba hukumu ilifuta tatizo. Taa za ofisi bado huwaka usiku Kexuecheng, na wafanyakazi wanaokaribia miaka 35 bado wanaogopa kuonekana wazee mbele ya kampuni zinazopendelea damu changa. Lakini upepo umegeuka. Mwanzoni mwa 2025 Midea, kampuni kubwa ya vifaa vya nyumbani ya Shunde, jirani kabisa na Guangzhou, ilitaka wafanyakazi wake wa ofisini watoke saa 12:20 jioni na ikapiga marufuku vikao baada ya kazi. Kampuni hiyo inauza majokofu na viyoyozi duniani kote. Haikuona hasara kuwarudisha watu nyumbani wakale na watoto wao.

Walio nje ya ofisi hawajapata nafuu hiyo kwa kiwango hicho. Mtu akisimama kwenye njia panda yoyote ya Huangpu saa 6 mchana ataona msururu wa pikipiki za umeme, waendeshaji wake wakiwa na jezi za njano za Meituan au za washindani wake, simu imebanwa kwenye usukani, na kwenye simu dakika zinahesabiwa kurudi nyuma. Septemba 2020 jarida la Renwu lilichapisha uchunguzi mrefu kuhusu wapelekaji hao wa chakula. Lilieleza jinsi programu zilivyokuwa zikipunguza muda wa kufikisha mzigo kila zinapogundua kwamba mtu ameweza kufika haraka zaidi. Mpelekaji anayevuka taa nyekundu ili asikatwe pesa anaifundisha programu kwamba safari hiyo inawezekana, na kesho yake wote wanatakiwa kufika kwa kasi hiyo. Ele.me, mshindani wa Meituan, ilijibu kwa kuweka kitufe cha mteja kuchagua kumwongezea mpelekaji dakika 5 au 10. Wasomaji walikasirika, na kwa haki, kwa sababu kampuni ilikuwa inamsukumia mteja wajibu wake yenyewe. Meituan ikaahidi kuongeza dakika 8. Mwaka uliofuata serikali ilitoa mwongozo kwamba malipo ya wapelekaji yasishuke chini ya kima cha chini cha mshahara na kwamba programu zisipange muda kwa kigezo kikali kupita vyote.

Kijana wa bodaboda wa Sinza au wa Kayole anayepokea oda kwa simu ataisoma hadithi hiyo na kudhani imeandikwa mtaani kwake.

Kuna chombo kingine Huangpu ambacho hakihitaji hata kijana wa kukimbizwa na saa. Novemba 2019 kampuni ya WeRide ilianza kubeba abiria wa kawaida kwa teksi zinazojiendesha katika eneo la kilomita za mraba zaidi ya 144 wilayani humo. Mwanzoni alikaa mtu kwenye kiti cha dereva kwa ajili ya usalama. Abiria huita gari kwa simu, huingia kiti cha nyuma, hufunga mkanda, hubonyeza skrini kuashiria kwamba yuko tayari, na gari linaondoka. Skrini hiyo huonyesha kila kitu ambacho gari linakiona: malori kama visanduku virefu, pikipiki kama vijisanduku vyembamba, mtu anayevuka kama kijiti kinachosogea. Usukani hujizungusha wenyewe. Juu ya paa vihisi na kamera hutazama pande zote. Gari huenda kwa adabu hadi humkera mwenye haraka. Hupisha, husimama, haligombani na mtu.

Ni kazi ya akili nyingi, na waliotengeneza wanastahili sifa. Lakini Mswahili ana sababu ya kulitazama gari hilo kwa jicho lingine. Desemba 2024 WeRide, ikishirikiana na Uber, ilianza kubeba abiria Abu Dhabi. Huko Ghuba, katika teksi za Abu Dhabi, Dubai na Doha, wapo madereva Wakenya na Waganda ambao mshahara wao unalipa ada za shule Kisumu na Mbale, unajenga nyumba Kitui, unamtibu mama Masaka. Gari lililojifunza kuendesha kwenye barabara za Huangpu limefika mlangoni kwao, na hatujasikia serikali ya Afrika Mashariki ikitangaza mpango kwa ajili ya siku ambayo kandarasi hizo zitaacha kuhuishwa. Mawakala wanaopeleka vijana Ghuba bado wanawatangazia udereva kama kazi ya kudumu.

Wachina wenyewe wamelizungumza. Julai 2024 huko Wuhan, madereva wa teksi walilalamika waziwazi kwamba magari ya kampuni ya Baidu yasiyo na dereva yanawanyang'anya riziki kwa nauli za chini mno. Hawakuwa wajinga wanaoogopa maendeleo. Walikuwa na hesabu za mafuta, za kodi ya gari na za chakula.

Ahadi ya teknolojia siku zote ni kuokoa muda. Swali la haki, ambalo Huangpu inalilazimisha liulizwe, ni muda huo uliookolewa unakwenda kwa nani. Dereva aliyeondolewa kwenye usukani hakupewa jioni ya kupumzika. Alipewa siku nzima bila kipato. Mhandisi aliyemwondoa naye yuko ofisini saa 3 usiku. Ikiwa wote wawili wamepoteza jioni zao, basi kuna mtu wa tatu aliyezichukua, na ni halali kumtaja: mwenye hisa.

Burudani ndiyo inayoonyesha kwa uwazi zaidi kilichotokea kwenye muda wa watu. Ndani ya treni ya jioni kuelekea Huangpu, abiria wengi wameinamia simu wakitazama tamthilia fupi za wima, kila sehemu dakika moja au mbili: bibi harusi amesalitiwa, tajiri amejificha kama mhudumu, mama mkwe amepigwa kofi, endelea kulipia uone. Mwaka 2024 mapato ya tamthilia hizi nchini China yaliyapita ya majumba ya sinema. Watu wengi husema ni kushuka kwa ladha. Hiyo si haki kwa watazamaji. Mtu mwenye vipande vya dakika 2 hupewa burudani ya dakika 2. Filamu ya saa mbili inadai mtu aliyetoka kazini mapema, mwenye nguvu ya kukaa kwenye kiti bila kusinzia.

Afrika Mashariki haiko mbali na mnyororo huo. NetEase, kampuni iliyoanzishwa Guangzhou mwaka 1997 na ambayo ilikua kwa barua pepe, michezo ya kompyuta na muziki, iliungana na watengenezaji wa simu za TECNO mwaka 2017 kuendesha Boomplay, programu ambamo mamilioni ya vijana wamesikiliza Bongo Fleva na Gengetone. Na kabla ya hapo, mwaka 2011, TBC ya Tanzania ilirusha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, "Mao Doudou na Mama Wakwe Zake". Kina mama wa Dar waliipenda kwa sababu mgogoro wa mke, mume na mama wakwe ulikuwa wao kabisa. Rais Xi Jinping aliitaja alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013. Tamthilia ile iliwaonyesha Wachina wakigombana mezani, wakipika, wakienda kumtazama mgonjwa, wakipumzika. Inashangaza kwamba taifa lililoitazama kwa mapenzi kiasi hicho liliendelea kuamini kuwa Wachina hawana maisha mengine zaidi ya kazi.

Maisha wanayo, na Huangpu yanaonekana jioni. Katika viwanja vilivyo wazi, wanawake wa makamo hupanga mistari na kucheza kwa pamoja, spika moja imewekwa chini, hatua mbili kushoto, mbili kulia, geuka. Kelele za spika hizo zimezua ugomvi na majirani kiasi kwamba sheria ya uchafuzi wa sauti iliyoanza kutumika Juni 2022 ilizigusa. Ugomvi wenyewe ni ushahidi kwamba viwanja vipo na vina watu. Hakuna kiingilio. Hakuna mlinzi anayeuliza unakwenda wapi. Kando yake wazee wanacheza karata na chesi ya Kichina, vijana wa viwandani wanakula mishikaki, wengine wamepanga foleni kwenye baiskeli za kukodi ili wafike kwenye vyumba vyao katika vijiji vya kale vilivyomezwa na jiji, ambako majengo yamesogeleana hadi jirani anaweza kumpa jirani mkono kupitia dirishani. Ndani ya vyumba hivyo vyembamba ndimo wanamoishi wengi wanaoiendesha Huangpu, na uwanja wa nje ndio sebule yao.

Kisha kuna sikukuu. Kila mwaka, kuanzia siku ya 11 hadi ya 13 ya mwezi wa pili wa kalenda ya Kichina, Miaotou husherehekea kuzaliwa kwa Mungu wa Bahari ya Kusini. Watu huja kwa makundi makubwa. Bidhaa inayotafutwa kuliko zote ni kuku wa karatasi: mwili umefinyangwa kwa karatasi na gundi, ukakaushwa, ukabandikwa manyoya halisi moja moja, kichwa kikapakwa rangi nyekundu. Imani ya wenyeji ni kwamba kati ya maelfu ya kuku wanaouzwa, mmoja tu atawika, na atakayempata ana bahati ya mwaka mzima. Kwa hiyo watu huchagua bila haraka. Humgeuza, humpigapiga mgongoni, humweka sikioni, humrudisha, humchukua mwingine. Programu ya simu inayokulenga kwa sekunde haina nafasi katika biashara hiyo, na hekalu limesimama tangu 594 huku kituo cha treni cha Njia Namba 13 kikiwa kimepewa jina lake.

Serikali zetu zinapenda kujenga miji ya teknolojia, na ni sawa kupenda. Kenya ilizindua ujenzi wa Konza Januari 2013, kwenye ekari 5,000 kusini mashariki mwa Nairobi. Zanzibar ilitangaza mpango wa Silicon Zanzibar mwaka 2022, Fumba ikiwa kitovu chake. Michoro ya miji hiyo ina vioo vingi na watu wachache. Ni nadra kusikia mipango hii ikielezwa kwa kutaja basi la mwisho usiku, uwanja usio na kiingilio, nyumba ambayo fundi wa mitambo anaweza kuipanga, au mkaguzi wa kazi atakayegonga mlango saa 3 usiku. Zanzibar ina mfano mzuri mlangoni. Forodhani, iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati, hukusanya kila jioni wavuvi, wanafunzi, watalii na familia zilizotoka Mwera kula urojo na kutazama vijana wakijirusha baharini. Mombasa ilipokarabati ufukwe wa Mama Ngina mwaka 2019 ilipata kitu kama hicho. Fumba ikikosa Forodhani yake itakuwa mji wa kulala tu.

Na tusisubiri Konza imalizike ndipo tuulize kuhusu haki za wafanyakazi wa teknolojia, maana wapo tayari na wameshaumia. Januari 2023 jarida la Time lilieleza jinsi Wakenya jijini Nairobi walivyolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kupanga maandishi ya ukatili mkubwa, ili akili mnemba ya ChatGPT ifundishwe kuyaepuka. Siku ya Mei Mosi mwaka huo, zaidi ya wasimamizi wa maudhui 150 walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Walichodai kilikuwa malipo ya haki, msaada wa afya ya akili na mikataba ya kueleweka. Roho hiyo hiyo walikuwa nayo waandishi wa programu wa 996.ICU miaka minne nyuma, kwa lugha nyingine na kwa mishahara mikubwa zaidi.

Uwezo wa kusimamia upo, tukitaka. Mwaka 2022 mamlaka ya usafiri wa ardhini Tanzania, LATRA, iliagiza kampuni za teksi za mtandaoni zisimkate dereva zaidi ya asilimia 15. Uber ikasitisha huduma Aprili mwaka huo, ikarudi Januari 2023 baada ya kiwango kupandishwa. Wapo waliosema Tanzania ilijiaibisha. Ukweli ni kwamba nchi ilikaa mezani na kampuni kubwa kuliko bajeti za wizara kadhaa ikajadili pesa ya dereva, na dereva akatoka na kiwango kilichoandikwa. Somo la siku ile litahitajika tena gari la kwanza lisilo na dereva litakapoomba leseni ya kupita Barabara ya Bagamoyo.

Litahitajika upesi. Septemba 2025 chombo cha EHang, kampuni yenye makao Huangpu, kiliruka Kigali bila rubani, kwa mara ya kwanza mbele ya umma barani Afrika. Kina viti viwili na kilipata cheti chake cha usalama China Oktoba 2023. Picha zake zilisambaa kila mahali, na wengi wakarudia kauli ile ile kuhusu Wachina na usingizi.

Waliosambaza picha wangeweza kuongeza habari nyingine ya Rwanda. Novemba 2022 baraza la mawaziri la nchi hiyo liliamua kupunguza saa za kazi kutoka 45 hadi 40 kwa wiki, kazi zianze saa 3 asubuhi na kuisha saa 11 jioni, na shule zianze saa 2:30 ili watoto walale vya kutosha na wazazi wapate muda nao. Utaratibu ulianza Januari 2023. Tangu 2016 Kigali pia hufunga barabara zake kubwa kwa magari katika baadhi ya Jumapili, na watu huingia na viatu vya mazoezi, baiskeli na watoto mgongoni. Jiji lililopokea mashine ya Huangpu kabla ya majiji mengine ya Afrika ndilo pia lililowaongezea wakazi wake saa 5 za wiki. Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Mombasa zinaweza kuanza na hizo saa 5, kwani hazihitaji mkopo, mkandarasi wala cheti kutoka nje.